Besi ya Kuchongwa kwa Fedha ya Kadiri

Huenda umeiona katika picha za vikundi vya taarabu vya Unguja: fidla moja kubwa kupita kiasi, ndefu kuliko mtu, imesimama nyuma ya wapigaji wengine, na mwenyewe ameikumbatia kama mtu aliyeshika shina la mgomba. Hiyo ndiyo besi ya kusimama. Ina nyuzi nne tu, nazo hukazwa zipate sauti za E, A, D na G, toka ile ya chini kabisa kwenda juu. Watu wengi hawaisikii mpaka inyamaze. Hapo ndipo waonapo kwamba wimbo umelegea, wala hawajui kilichoondoka ni nini.

Vikundi vikubwa vya Unguja, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 na Culture Musical Club cha mwaka 1958, vimeitumia pamoja na udi, ganuni na fidla ndogo. Mabendi ya dansi ya Leopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, nayo yalikuwa nayo katika miaka ya 1950, kabla gitaa la besi la umeme halijaenea. Gitaa hilo Leo Fender wa California alianza kuliuza mwaka 1951, na kwa kuwa ni jepesi na hubebwa begani, mabendi mengi yaliiacha ile kubwa. Hata hivyo haikufa. Katika taarabu, katika jazi na katika okestra bado yatafutwa, na kijana aipigaye vema haketi bure nyumbani siku za arusi.

Leo basi tuseme habari ya kuinunua. Tuseme kijana wa nyumba yako ameitwa na kikundi cha kupiga kila Jumamosi, naye amechoka kuazima. Au ninyi wenyewe ni kikundi, mmechanga miaka miwili au mitatu, na fedha iko katika kisanduku cha mtunza hazina. Fedha hiyo si ya mchezo. Besi yenye kifua cha kuchongwa, hata ile ya bei ya chini, hugharimu zaidi ya pikipiki mpya mbili. Tena ukikosea, yaweza kufunguka na kupasuka kabla kiangazi cha kwanza hakijaisha, na aliyekuuzia yuko mbali ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo yafaa mnunuzi ajue anachokitazama kabla ya kufungua kisanduku.

Kwanza tujue maana ya kuchongwa. Besi ina kifua, yaani ule upande wenye daraja na nyuzi unaowaelekea wasikilizaji, ina mgongo, na ina mbavu zinazoviunga viwili hivyo. Katika besi ya kuchongwa, fundi huchukua mbao mbili nene, huzigandisha ubavu kwa ubavu, kisha huchonga nje na ndani mpaka zipate umbo la mbinuko, kama vile achongaye mtumbwi aondoavyo mti mwingi ili abakishe mchache. Kifua kikiisha huwa na unene wa milimita 8 au 9 hivi katikati, na hupungua kuelekea kandoni. Mti wake ni sprusi, mti wa nchi za baridi, ndugu wa msonobari. Huko milimani hukua polepole, na kwa hiyo pete zake za miaka husongamana. Ni mwepesi lakini mgumu kwa urefu wake, nao hutetemeka upesi ukiguswa. Mgongo na mbavu kwa kawaida ni mepo, mti mgumu zaidi wenye michirizi ya kupendeza.

Namna ya pili ni besi ya plaiwudi. Hii haichongwi, huundwa kwa tabaka nyembamba za mbao zilizopishana na kugandishwa, kisha zikashindiliwa katika kalibu. Msiidharau. Kampuni ya Kay ya Chicago ilianza kutengeneza besi za namna hii mwaka 1937, na shule na mabendi ya Marekani yalizinunua kwa wingi. Nyingine zingali zapigwa mpaka leo. Kwa sababu tabaka zake zimepishana, haipasuki ovyo. Ila gundi na mapishano hayo huzuia mtetemo, na sauti yake huwa fupi na kavu kidogo.

Namna ya tatu wapigaji huiita chotara: kifua ni cha sprusi kilichochongwa, mgongo na mbavu ni plaiwudi. Hiyo tutairudia, maana ndiyo niionayo kuwa ya haki kwa watu wengi.

Bei za besi mpya, kwa kukadiria, ni hizi. Ya plaiwudi yenye heshima ni dola za Marekani 2,000 hadi 3,000. Chotara ni 3,500 hadi 5,000. Ya kuchongwa yote huanzia 5,000 na kupanda, wala ngazi hiyo haina mwisho. Chotara ya dola 4,000 ni karibu shilingi milioni 10 za Tanzania, kabla ya nauli na ushuru. Ukiona tangazo la besi "ya kuchongwa yote" kwa dola 1,200, usifurahi. Ama si ya kuchongwa, ama imechongwa vibaya, ama mbao zake hazikukauka.

Sasa kabla ya kutazama ubao jiulize swali moja: itapigwa wapi? Watu wengi huliruka swali hili. Besi ya kuchongwa huonyesha utamu wake mahali penye utulivu, pamoja na udi na fidla, au mbele ya kipaza sauti kimoja kilichowekwa mbali kidogo. Lakini arusi nyingi za leo zina spika kubwa kuliko kabati. Besi hubandikwa kinasa kidogo darajani, waya huenda kwenye mashine, na sauti hutoka kwa nguvu. Hapo kifua chepesi cha kuchongwa huanza kutetemeka kwa sauti ya spika zenyewe, na spika nazo huirudia, mpaka ukumbi mzima waunguruma na watu waziba masikio. Plaiwudi hustahimili zaidi fujo hiyo. Kwa hiyo kijana apigaye kila juma katika kelele za ngoma na vinanda vya umeme, akinunua besi ya kuchongwa ya dola 9,000, amenunua sauti ambayo hakuna atakayeisikia. Afadhali anunue plaiwudi njema, fedha iliyobaki ajenge.

Ikiwa kikundi chapiga mara nyingi ndani ya nyumba, au uwanjani kwa vipaza sauti vya kiasi, kifua cha kuchongwa chastahili gharama yake. Na hapa nasema wazi: fedha iende kifuani. Kifua ndicho kibebacho sauti iliyo kubwa. Mgongo husaidia, lakini haulingani nacho. Mgongo wa plaiwudi hauogopi kugongwa na mlango wala hauchezi sana hali ya hewa ikigeuka. Ndiyo sababu chotara ni mtumishi mwema kwa mtu wa kusafiri. Katika miaka hii karakana za Uchina ndizo zitoazo nyingi za namna hiyo kwa bei ya kadiri. Majina kama Shen na Eastman yanajulikana kwa wapigaji wa Marekani na Ulaya, nao huyanunua bila haya. Romania nayo, katika mji wa Reghin, yatengeneza besi za kuchongwa za bei ya kati. Za Ujerumani kutoka Mittenwald, ambako shule ya mafundi wa fidla ilifunguliwa mwaka 1858, au kutoka Markneukirchen, ambako mafundi walianza chama chao mwaka 1677, ni nzuri mno, lakini mara nyingi zimeuacha mfuko wetu nyuma.

Kuna wauzaji wanaoita plaiwudi "ubao mzima". Namna ya kuwashika ni rahisi, wala haihitaji elimu kubwa. Tazama yale matundu mawili kifuani yenye umbo la herufi f. Katika ukingo wa tundu, ambako ubao umekatwa, utaona unene wake. Kama ni ubao mzima, mistari ya mti uionayo juu ya kifua hushuka na kupenya ndani moja kwa moja. Kama ni plaiwudi, utaona tabaka, moja nyeupe, moja nyeusi, kama mkate uliopakwa siagi. Wengine hupaka rangi ukingo huo ili kuficha. Basi leta tochi na kioo kidogo, utazame kifua kwa ndani. Mstari au kifundo kilichoko nje lazima kionekane ndani mahali pale pale. Kisipoonekana, umeelewa.

Kuna hila nyingine, nayo ni ya zamani. Besi nyingine zina kifua cha ubao mzima ambacho hakikuchongwa, bali kililowekwa mvuke na kukandamizwa kipate mbinuko. Kwa macho yafanana. Lakini ubao uliolazimishwa hukumbuka unyoofu wake, na baada ya miaka kadhaa hubonyea chini ya daraja. Piga magoti, weka jicho lako usawa wa kifua, utazame kutoka ubavuni. Mbinuko uwe mzuri na sawa pande zote mbili. Ukiona bonde upande mmoja, au uvimbe upande mwingine, rudisha mkono mfukoni. Kumbuka nyuzi nne za chuma kwa pamoja zavuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 100, zaidi ya uzito wa gunia la mahindi, usiku na mchana, hata besi ikiwa imelala.

Nyufa zisikutishe zote. Besi ya kuchongwa iliyozeeka bila ufa ni kama mzee asiye na kovu. Ufa uliozibwa vema na kutiliwa vipande vya ubao kwa ndani waweza kuishi miaka mingi. Ufa wa kuogopwa ni ule upitao kifuani chini ya mguu wa daraja, na ule wa mgongoni penye kile kijiti cha ndani. Tazama pia pale shingo iingiapo mwilini. Ikiwa imewahi kuvunjika na kugandishwa ovyo, itafunguka tena. Na kama besi ni kuukuu kutoka Ulaya, tafuta vijitundu vya bungua. Unga mweupe ukidondoka unapoigonga, wadudu wangali wanakula, nao hawatalipa nauli ya meli.

Mgongo ama ni wa mbinuko ama ni bapa. Wa bapa una miti iliyokingama kwa ndani, na kwa kuwa mti wa mgongo hupungua na kuongezeka kwa upana, na ile iliyokingama haikubali, mara nyingi hupasuka au miti hubanduka. Katika nchi yenye masika na kiangazi kikali, mimi ningechagua wa mbinuko.

Ule ubao mweusi mrefu ambao vidole hukimbia juu yake uwe abunusi. Wengi wetu tukiona ubao mweusi twasema ni mpingo, lakini mpingo wetu wa Lindi na Kilwa ni mti wa jamaa nyingine, na dunia yautaka zaidi kwa klarineti na zumari. Besi za bei ya chini huwa na ubao mweupe uliopakwa rangi nyeusi. Geuza utazame upande wa chini, karibu na ncha, ambako mpakaji huwa mvivu. Ubao laini utachimbwa na nyuzi za chuma kwa muda mfupi, na kuweka mpya ni kazi ya fundi na fedha nyingi. Ila kuna mbao nyingine ngumu zisizo abunusi zinazofaa. Muuzaji akikwambia wazi kwamba si abunusi, huyo si mwongo, sikiliza bei yake.

Sasa nije kwenye jambo linalowaangusha hata wale waliochagua vema. Besi ikitoka sandukuni haijawa tayari. Daraja lake ni lazima lichongwe miguu ifuate kifua barabara, pasipo hata upenyo wa karatasi. Ndani, karibu na mguu mmoja wa daraja, husimama kijiti cha sprusi kisichogandishwa kwa gundi yo yote, kimebanwa tu kati ya kifua na mgongo. Wafaransa na Wataliani hukiita roho ya chombo, wala hawakukosea. Kikisogea kidogo tu, sauti nzima hubadilika, na kikianguka wakati nyuzi zimekazwa, kifua chaweza kupasuka. Ndiyo sababu mtu asilegeze nyuzi zote kwa mara moja. Abadilishe mmoja, aukaze, ndipo aende wa pili.

Kwa hiyo kama mna dola 4,500, msinunue besi ya dola 4,500. Nunueni ya 3,800, na inayobaki iwekwe kwa daraja, kwa nyuzi (seti moja njema yaweza kuchukua dola 150 hadi 300), kwa kinasa na kwa mfuko mnene wa kubebea. Mwombeni fundi atie magurudumu madogo ya shaba katika miguu ya daraja. Hayo huinua na kushusha nyuzi kwa kuzungusha kwa vidole, na mpigaji atayashukuru kila majira yanapobadilika. Besi ya kadiri iliyowekwa sawa na fundi mwenye mkono huishinda besi ya ghali iliyoachwa kama ilivyotoka karakanani. Nyuzi zikiwa juu mno, kijana ana malengelenge saa tatu, na arusi haijaanza hasa.

Siku ya kujaribu, mpigaji asiende peke yake. Apige yeye, kisha apige mwenzake naye asimame hatua kumi mbele, maana sauti ya nyuma ya besi siyo waisikiayo watu. Apite noti kwa noti juu ya uzi ulio mnene, polepole. Karibu kila besi ya kuchongwa ina noti moja inayonguruma au kukwama. Moja yavumilika, tatu hazivumiliki. Apime na urefu wa nyuzi kutoka kizingiti cha juu hadi darajani. Besi ya kawaida huitwa ya robo tatu, ingawa ndiyo watu wazima karibu wote waipigayo, na urefu huo ni kama sentimita 105. Ikizidi 108, mkono wa kijana utachoka upesi. Urembo wa mgongo usimdanganye mtu: mepo yenye michirizi ya moto huongeza bei, haiongezi sauti. Kuna besi zenye mgongo wa mti wa mpopla au mwilo, mbao za sura ya kawaida kabisa, ambazo huimba vizuri kwa bei ndogo zaidi.

Imebaki hali ya hewa, na hapa ndipo besi za kuchongwa hufia. Ubao mzima hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Ukivimba nyuzi hupanda, ukikauka hujikunyata, na kama mbavu zimeushika haupati nafasi ya kujikunyata, basi hupasuka. Besi hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 60. Unguja mara nyingi hupita kiasi hicho. Dodoma wakati wa kiangazi hushuka chini yake. Besi iliyozoea pwani ikipelekwa Dodoma mwezi wa Septemba kwa arusi ya siku mbili, usishangae ukisikia mlio kama wa ukuni ndani ya nyumba usiku. Mafundi wamelijua hilo zamani. Hugandisha kifua kwa mbavu kwa gundi ya ngozi za wanyama, ambayo kwa makusudi ni dhaifu kidogo kuliko ubao, ili mambo yakizidi, kiungo kifunguke kabla ubao haujapasuka. Kiungo kilichofunguka fundi hukifunga tena kwa gundi ile ile na vibanio. Lakini mtu akija na gundi nyeupe ya dukani, au ile ya mirija miwili ya kuchanganya, mwondoe kwa upole. Kiungo hakitafunguka tena, ni kweli. Safari ijayo kitakachofunguka ni kifua.

Wakati wa kiangazi itumbukizwe ndani ya tundu la f bomba laini la mpira lenye sponji iliyolowekwa na kukamuliwa vizuri. Kipimo kidogo cha unyevu kining'inizwe ukutani chumbani mwake. Isiwekwe dirishani, wala karibu na jiko, wala ndani ya gari lililofungwa juani, maana joto hilo hulainisha gundi na shingo yaweza kung'oka.

Ya plaiwudi haidai haya yote. Basi kama nyumbani hakuna mtu mwenye saburi ya kuloweka sponji, jibu la swali la besi gani inunuliwe limekwisha kupatikana.

Na safarini: mguu wa chuma usukumwe ndani, kitambaa kinene kiwekwe chini ya mkia wa nyuzi, na besi ilazwe kwa ubavu, kamwe si kwa daraja wala kwa mgongo. Katika gari la mizigo iwekwe godoro chini, na mwenyewe aketi kando yake. Uzito wake ni kilo 10 na kitu tu, mtu mmoja aweza kuinyanyua, lakini mlangoni washike wawili, mmoja kichwani na mmoja chini. Wala asikubali ifungwe juu ya basi, hata kondakta akiapa kwamba kamba ni mpya.